Soani, Mji Uliofuata Maji

1

Kisima cha saba ndicho kilichomfanya Zawena Likwata akae chini.

Visima sita vya kwanza vilikuwa salama. Cha saba kilisoma chumvi mara mbili ya mwezi uliopita. Alikisuuza kipimo, akakitumbukiza tena, akasoma tena. Alirudia mara tatu, kisha akakaa kwenye ukingo wa kisima na kuweka kipimo mapajani.

Mwenye kisima, Hajati Sabriya, alikuwa amesimama kando na ndoo tupu. Alikuwa na miaka sitini na nne, na ndiye aliyeongoza kamati ya maji ya mji wa Sani, watu elfu kumi na mbili wanaoishi chini ya kilima cha magofu, mashariki mwa delta ya Nili.

"Niambie tu," alisema. "Uso wako umeshaniambia nusu."

"Chumvi imeingia, Hajati. Ni kidogo bado, mtu hawezi kuionja."

"Dengu zangu zinachelewa kuiva tangu wiki mbili zilizopita. Nilidhani ni uzee wa sufuria."

Zawena alikuwa mhandisi wa maji kutoka Lindi, na Kiarabu chake alikipata hapohapo Sani, kwa miaka mitatu ya kupima visima na kunywa chai za watu. Alipozaliwa, Bahari ya Mediterania ilikuwa mbali na mji huu, nyuma ya ziwa la Manzala. Sasa ziwa lilikuwa limekwisha kumezwa, na bahari ilizuiwa na tuta moja la udongo ambalo, kwa hesabu zake, lingestahimili wiki kumi na moja tu, mpaka dhoruba za majira ya baridi. Lakini bahari haikuja kwa juu peke yake. Chini ya ardhi maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, na bahari inapopanda huusukuma mchuzi juu. Kisima cha saba kilikuwa kimeanza kuugusa mchuzi.

Hajati Sabriya alitazama upande wa kilima, ambako mabomba ya Shirika la Kuokoa Pwani, mwajiri wa Zawena, yalikuwa yamelazwa safu kwa safu. "Ule ukuta mnaotaka kuujenga kule. Utazuia chumvi isifike huku?"

Zawena alijua kwa miezi kwamba siku moja ataulizwa swali hilo, na alikuwa ameshaamua kwamba hatadanganya.

"Hapana, Hajati. Utaisukuma ije huku upesi zaidi."

Mama yule akaishusha ndoo chini. "Nani anajua hivyo?"

"Nilikuwa najua mimi. Sasa tunajua wawili."

2

Ukuta wenyewe haukuwa wa saruji. Ulikuwa ni wa chachu.

Ndivyo mafundi walivyowaita bakteria wale. Walipigwa ndani ya ardhi kwa pampu pamoja na chakula chao, na popote walipopita matope yaligeuka chokaa ngumu. Baada ya siku tisa, udongo uliokuwa ukibonyea kwa kidole ulikuwa mwamba usiopitisha tone. Tatizo lilikuwa ni kuikuza. Mtungi mmoja wa chachu ulichukua miaka minne kukomaa, na ukifunguliwa lazima utumike wote, la sivyo unakufa. Bara zima lilikuwa na mitungi mitatu. Miwili ilishatumika kwingine. Wa tatu ulikuwa Sani, ndani ya kontena lililopozwa, na ulitosha kujenga kilomita nne za ukuta wa chini ya ardhi.

Kilomita nne zilitosha kuzunguka kilima cha magofu. Au zilitosha kupinda kama mwezi mchanga kaskazini mwa visima na kuyalinda maji matamu kwa miaka arobaini. Hazikutosha kwa yote mawili. Amri ya Shirika ilisema kilima.

Zawena alimkuta Profesa Wagdi Habib juu ya kilima, akipangusa vumbi kwenye kidole cha mguu cha sanamu, kidole kirefu kuliko mkono wake. Wagdi alikuwa amechimba hapa miaka thelathini na moja. Kabla ya hapo alifundisha Dodoma kwa muda, na huko ndiko Zawena, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, alimsikia kwa mara ya kwanza akiuzungumzia mji huu kwa Kiswahili chake cha polepole, akaacha mpango wa kujenga barabara na kuchagua maji.

"Mwalimu, nimekuja na habari mbaya."

"Kaa kwanza. Habari mbaya huwa hazina haraka."

Alikaa. Mbele yao magofu ya Soani, mji wa kale ulioipa Sani jina lake, yalitanda hadi macho yalipokoma. Nguzo za ncha kali zililala chini kama miti iliyoangushwa na upepo, granaiti ya waridi iliyochongwa ndege na nyuki na majina ya wafalme. Maandiko ya Waebrania yanautaja mji huu kana kwamba kila msomaji anaujua: yanapotaka kueleza Hebroni ni mkongwe kiasi gani, yanaupima kwa Soani. Chini ya sakafu ya hekalu lake walizikwa wafalme, mmoja wao katika jeneza la fedha, wakati ambapo fedha Misri ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Unyevu wa delta ulizila mbao zote zilizokuwamo, fedha ikabaki.

"Unajua kwa nini ninakipenda kidole hiki?" Wagdi aliuliza. "Kwa sababu si cha hapa. Karibu mawe yote haya si ya hapa. Yalichongwa kwa ajili ya mji wa Ramesesi, kilomita ishirini na kitu kusini. Wasomi wa kwanza walipokuta jina la Ramesesi kila mahali, walidhani huu ndio mji wenyewe. Walikosea. Ramesesi ulikuwa kwenye tawi jingine la mto, na tawi lile likajaa mchanga. Merikebu zikawa hazifiki. Fikiria, mji mkubwa kuliko yote waliyoijua, umebaki na bandari ya matope. Wewe ungefanya nini?"

"Ningelia."

"Nao walilia, bila shaka. Halafu wakafunga kamba. Wakazing'oa nguzo na sanamu, wakazileta huku kwenye maji. Nenda Ramesesi leo utakuta nyayo za jiwe zimebaki shambani, hazina mwenyewe. Hakuna mfalme aliyevuta kamba hizo, Zawena. Walivuta watu wa kawaida. Kila nikipanda hapa asubuhi nawavulia kofia."

Zawena akamwambia basi habari za kisima cha saba. Alimwambia yote, pamoja na kwamba ukuta wa kilima utaharakisha mambo. Wagdi alisikiliza bila kumkatiza.

"Watahamishwa," alisema mwishowe. "Shirika limewatengea nyumba jangwani."

"Nyumba hazijajengwa, Mwalimu. Nimeuliza mara nne."

"Zitajengwa. Mtu anaweza kuhama. Kilima hakiwezi. Tumefungua labda sehemu moja ya kumi. Hizo tisa ni matofali ya udongo mbichi, yakiloa siku mbili yanakuwa uji. Hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa yaliyomo humu. Yakienda, yamekwenda kwa kila mtu atakayezaliwa."

"Najua."

"Unajua, na bado umekuja kuniuliza."

"Watu wa Soani waliacha matofali yao Ramesesi. Walichukua kilichobebeka, wakafuata maji."

Wagdi alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Zawena alimwona amekasirika. "Usiwatumie wafu wangu dhidi yangu," alisema.

Kufuli la mtungi wa chachu lilifunguka tu kwa alama za vidole gumba viwili: cha mhandisi na cha msimamizi wa mambo ya kale. Bila Wagdi, Zawena hakuwa na ukuta wa aina yoyote.

3

Mkutano uliitishwa na Hajati Sabriya, Ijumaa baada ya sala, kwenye yadi ya shule. Viti havikutosha, watu wakakaa chini. Zawena alisimama akaeleza mambo mawili: ukuta ukizunguka kilima, visima vitakuwa na chumvi kabla ya mwaka kwisha; ukizunguka visima, kilima kitaliwa na bahari. Alisema amri aliyonayo ni ya kilima, na kwamba kuwaambia hivi tayari ni kosa kazini.

Kisha akasimama Shukri, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo.

"Baba yangu alichimba kilima. Babu yangu alichimba. Vizazi vitano nyuma yangu vimekula kwa kilima kile. Nyinyi mnaongea kana kwamba ni cha wageni. Mimi nasema kijengewe ukuta, tutakwenda jangwani kama tulivyoahidiwa."

"Umeahidiwa na nani?" aliuliza mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Dada yangu aliahidiwa, wa kule Matariya, mji uliozama pamoja na ziwa. Mwaka wa tatu huu anaishi kwenye hema."

Ubishi ukawaka. Zawena alishangaa watu walivyogawanyika, kwa maana alikuja akidhani kila mtu atachagua kisima chake. Hajati Sabriya akainua mkono, akamtazama Wagdi aliyesimama nyuma kabisa, karibu na lango.

"Mwalimu, tuambie tutakachopoteza. Usitufiche."

Wagdi alisogea mbele taratibu. Alianza kwa kusitasita, kisha akasahau kusitasita. Aliwasimulia juu ya mto uliojaa mchanga na kamba zilizofungwa. Aliwasimulia mji ulivyokuwa bandari, mierezi ikishushwa kutoka Lebanoni, wajumbe wa wafalme wakipanda ngazi zilezile ambazo mbuzi wa Sani wanalala juu yake leo. Aliwaambia kwamba ndani ya kilima bado kuna mitaa mizima, nyumba za wapishi, wachonga mawe na wafua nguo, ambazo hakuna mtu amewahi kuzifungua, kwa sababu wachimbaji wote, na yeye mwenyewe, walikimbilia mahekalu. Alizungumza karibu saa nzima. Hakuna aliyeondoka.

Alipomaliza, Hajati Sabriya alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Nimeishi hapa miaka sitini na nne," alisema, "na nusu ya hayo sikuyajua. Kwa nini hukutuambia kabla?"

Wagdi alivua kofia, akarudi nyuma karibu na lango.

Walipiga kura kwa kunyanyua mikono. Visima vilishinda, lakini karibu theluthi moja ya mikono ilikuwa ya kilima, na mkono wa Shukri ulikuwa mmojawapo. Kura ilipotangazwa, alikaa. Kisha akasimama tena.

"Sawa," alisema. "Basi mawe tuyabebe."

4

Jumamosi asubuhi jibu la makao makuu lilifika. Zawena alikuwa ametuma ombi kwamba ukuta uhamishwe, pamoja na vipimo vyote na matokeo ya kura. Jibu lilikuwa la mistari miwili: aendelee na kilima, na mjadala umefungwa.

Alilisoma akiwa amesimama. Aliwaza juu ya matofali yale yasiyofunguliwa, na ni kweli kwamba yalimuuma. Alikuwa ameacha nyumbani kwao kwa ajili ya mji huu. Aliwaza pia kwamba angeweza kutii, na hakuna ambaye angemlaumu isipokuwa watu ambao Shirika halikuwasikiliza. Kisha akatembea hadi kwenye kontena.

Wagdi alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye ngazi ya chuma, kofia mkononi.

"Miaka thelathini na moja," alisema bila salamu. "Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia kwenye yadi ya shule ile. Iko hatua mia tatu kutoka nyumbani kwangu."

Zawena alikaa kando yake.

"Niliwapenda waliovuta kamba kwa sababu walikuwa wamekufa. Hawa wenye dengu na mbuzi niliwapita kila siku nikiwahi kazini." Alisimama kwa shida, magoti yakilia. "Kuna sharti moja. Wiki kumi na moja zilizobaki ni zangu. Kila winchi yako, kila trela, kila bomba lisilo na kazi."

"Ni vyako vyote, Mwalimu."

"Na ukuta huu ukikosea njia hata mita moja, sitakusamehe."

"Hautakosea."

Wakaweka vidole gumba pamoja. Mtungi ulifunguka kwa mlio mdogo, na harufu kali kama ya zizi la ng'ombe ikajaa kontena. Kwa siku tisa chachu ilishuka ardhini kaskazini mwa visima, na kwa siku tisa Zawena alilala kando ya pampu. Siku ya kumi alitoboa ardhi kujaribu. Keekee iliingia kwa urahisi mita mbili, kisha ikagonga, ikapiga kelele, ikagoma. Shukri, aliyekuwa akiishika, alicheka kwa sauti.

Barua ya kumsimamisha kazi ilifika siku iliyofuata. Ilimtaka akabidhi vifaa vyote na arudi kujieleza. Alijibu kwamba atarudi dhoruba zikishapita, na kwamba vifaa kwa sasa vina shughuli.

5

Jiwe la kwanza lilikuwa kile kidole. Lilichukua siku nne.

Baada ya hapo walijifunza. Waligundua kwamba trela likizama kwenye matope, magogo ya mitende chini ya jiwe hufanya kazi vizuri zaidi, na kwamba udongo uliomwagiwa maji kidogo huteleza, lakini ukimwagiwa mengi hunata. Wagdi alisema watu wa kale nao walijua hivyo, kwa kuwa wamejichora wakimwaga maji mbele ya sanamu. Winchi zilivuta, na zilipokatika waya, watu walivuta: walimu, waoka mikate, wanawake kwa zamu zao na wanaume kwa zamu zao, mpaka ikaonekana upuuzi kutenganisha, wakavuta pamoja. Mawe yalipelekwa kwenye mwinuko uliotazamana na kilima, ndani ya kinga ya ukuta mpya, yakalazwa safu kwa safu, kila moja na namba yake ya rangi.

Shukri alijua kila jiwe lilivyolala na lilivyopenda kushikwa. Siku moja nguzo ya tani nyingi ilianza kuviringika ovyo kuelekea kwa watu. Shukri alipiga gogo chini yake kwa teke na kuisimamisha, akavunjika mguu. Alivuta wiki mbili zilizobaki kwa sauti tu, akiwa amebebwa kwenye kiti, akiimba mwito wa kamba ambao watu wote waliuitikia.

Waliokoa mawe mia nne na kumi na mbili. Nguzo mbili kubwa zaidi ziliwashinda, wakaziacha.

6

Tuta lilikatika wiki ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Halikukatika kwa kishindo. Lilifunguka kama mshono, na maji ya kijivu yakatembea shambani, yakaupita kando mji ulioinuka kidogo, hadi yakafika miguuni mwa kilima na kuanza kukilamba.

Mji mzima ulipanda kwenye mwinuko wa mawe kuangalia. Zawena alisimama pamoja na Wagdi, ambaye alikuwa amekuja na madaftari na penseli mbili bila kujua atavifanyia nini. Ubavu wa kilima uliowaelekea ulianza kumeguka. Pande kubwa la udongo liliteleza likaingia majini, na vumbi lake lilipotua, watu wote wakanyoosha shingo.

Bahari ilikuwa imekikata kilima kama kisu kinavyokata mkate. Ndani yake palikuwa na mtaa. Kuta za matofali mabichi zilisimama zimeshikana bega kwa bega, na milango, na ngazi za kupanda darini, na majiko yenye majivu meusi bado. Hakuna jicho lililowahi kuuona tangu ulipofunikwa. Ulikuwa mzuri kuliko hekalu lolote ambalo Wagdi amewahi kulifungua, na penseli moja ilimdondoka.

"Nyumba," alisema. "Vyumba vitatu. Ngazi sita. Lakini kile cha kushoto sijui ni nini. Kibaraza? Ghala?"

"Ni banda la kuku," alisema Hajati Sabriya kando yake.

Wagdi akamgeukia.

"Tazama vile vishimo chini ya ukuta. Kuku wanapenya hapo, mbweha hapiti. Mimi ninavyo. Na tanuri lake limeupa mgongo upepo wa bahari, maana upepo ule huzima moto. Mitungi ya maji ilikaa pale penye duara kwenye sakafu, kivulini, karibu na mlango ili mgeni asipewe maji ya moto." Alikodoa macho. "Alikuwa mtu msafi. Ameipaka chokaa mara nyingi, unaona tabaka zilivyo nene? Kila sikukuu."

"Mungu wangu," Wagdi alisema polepole. "Endelea, Hajati. Tafadhali. Zawena, okota penseli hiyo, andika upande wako. Mimi naandika wangu."

Watu wakasogea karibu. Mwoka mikate alitambua duka la mwenzake kwa upana wa meza. Shukri kwenye kiti chake alionyesha nyumba ya mchonga mawe, kwa vumbi jekundu lililokuwa limejaa sakafu. Walisoma hivyo siku hiyo mpaka mwanga ukawaishia, na kesho yake wakarudi asubuhi, kila mtu akiona kitu ambacho msomi hangekiona. Zawena alijaza madaftari manne. Mtaa ulikuwa ukienda mbele ya macho yao, nyumba baada ya nyumba, na waliusoma kwa pumzi moja, bila kuulilia, kwa sababu kulia kungewapotezea muda.

Adhuhuri ya siku ya pili nyumba yenye banda la kuku ilitikisika. Ukuta wake mweupe ulisimama peke yake kidogo, kisha ukakunjika ukazama. Nyuma yake ulitokea ukuta mwingine, umeloa, wenye mlango mwembamba na kizingiti kilicholika katikati kwa miguu ya watu.

Wagdi alifuta macho kwa mkono wa kanzu, akafungua ukurasa mpya.

"Haya, Hajati," alisema. "Hapa aliishi nani?"